Jezi Yangu Ilivyotolewa Sadaka

Nianze kwa kukiri: niliapa. Mkono kifuani, mbele ya ofisa forodha na foleni nzima, niliapa kwamba ndani ya Noah ile hakuna hata sindano yangu. "Vyote sadaka, mkuu. Mie dereva tu."

Mambo yalianzia kwa shangazi. Shangazi yangu ni Mdigo wa Ngamiani, nusu ya ukoo wake uko Tanga na nusu uko Kwale, Kenya, na huo mpaka hajawahi kuukubali. Waingereza na Wajerumani walivyogawana nchi 1886, yeye anausimulia kama ugomvi wa majirani zake wasio na adabu. "Bibi yangu alikuwa akivuka kwenda kuazima kinu, leo mie nikaombe ruhusa?" Basi aliposikia mvua imebomoa nyumba za ndugu kijijini upande wa pili, hakumuuliza mtu. Alizunguka Barabara ya 11 mpaka ya 15, kila mlango hodi, na baada ya siku tatu ukumbini kwake hapapitiki: masufuria, madira, mikeka, vyandarua, mashuka, viatu, na beseni la visheti. Visheti vilikuwa vya njiani, yaani vyetu.

Nikaitwa mimi, kwa kuwa nina gari na sina ubavu wa kumkatalia.

Tanga mpaka Horohoro ni kama kilomita 65 za lami. Siku hizi kituo ni cha pamoja: ukitoka Tanzania unapitiliza mpaka upande wa Lunga Lunga, maofisa wa nchi zote mbili wamekaa chini ya paa moja, unagongewa kutoka na kuingia papo hapo. Nikapiga hesabu: dakika ishirini tumeshavuka.

"Kadi ya njano?" akauliza kijana wa dirishani.

Shangazi akachomoa mkobani cheti chake cha chanjo ya homa ya manjano, alichokitunza ndani ya bahasha tangu alipokwenda Hija. Kijana akakipokea kwa mikono miwili, akakiangalia, akakirudisha. "Hii ni yako, mama. Naomba ya gari."

"Kwani na gari linachanjwa?"

Alikuwa anataka ile bima ya gari inayovuka mipaka, ambayo nayo watu wanaiita kadi ya njano. Bima yangu ilikuwa ya ndani ya nchi tu. Nikaenda kwa wakala, nikalipa, nikarudi nikakuta shangazi ameshautangazia umma kwamba mwanawe kapewa kadi ya njano. Mzee mmoja kwenye foleni akanishika bega: "Cheza kwa utulivu, Mgosi. Ya pili unatoka nje."

Kisha forodha. Barua yetu ya serikali ya mtaa ilikuwa na muhuri mzuri sana, na maelezo ya mzigo yalikuwa maneno mawili: "vitu mbalimbali." Ofisa akaisoma, akaigeuza nyuma kuona kama inaendelea. Akataka orodha: kitu, idadi, thamani. Tukashusha viroba vyote, jua la saa saba, mimi naandika, shangazi anataja.

"Sufuria kubwa, moja."

"Thamani?"

"Hiyo ya marehemu dada yangu. Andika haina bei."

"Mama, lazima iwe na bei."

"Basi weka milioni."

Nikaandika elfu kumi. Akachungulia karatasi, akaninunia kuanzia hapo mpaka tulipomaliza vyandarua.

Kiroba cha saba kilifungwa kwa kipande cha kanga, ncha zote mbili zimechomekwa ndani ya fundo. Nikapata wasiwasi. Fundo la namna ile namjua mtu mmoja tu anayelifunga, na tunalala kitanda kimoja. Ofisa akafungua, akatoa shati. Nikasema moyoni, mashati yanafanana. Akatoa suruali ya kijivu yenye alama ya pasi gotini. Nikanyamaza. Halafu akakunjua jezi ya Coastal Union aliyoniachia baba, ya enzi za ubingwa wa 1988, imetoboka kwapani, namba mgongoni imebanduka umebaki mkia wa saba.

"Hiyo yangu!"

Kalamu ya ofisa ikasimama. "Kaka, si umesema huna kitu humu?"

"Sina. Isipokuwa hiyo. Na suruali. Na... ngoja, hivyo viatu pia."

"Sasa nielewe vipi? Sadaka au mzigo wako binafsi?"

Nikampigia mke wangu. Simu yangu hata usipoweka spika, inasikika mtaa wa pili. "Si wewe uliyesema tupunguze kabati?"

"Nilisema la kwako!"

Foleni ikaanguka kicheko. Shangazi hakucheka. "Sadaka haidaiwi. Andika, mwanangu: jezi, moja, imechakaa."

"Thamani?" akauliza ofisa.

"Milioni," nikasema.

"Mia tano," akasema shangazi.

Ikaandikwa mia tano.

Kijijini tulipokelewa vizuri mno, sufuria la marehemu likapikiwa wali jioni ileile. Mimi macho yangu yalikuwa kwa mtoto mmoja wa miaka kama tisa, aliyeivaa jezi ikamfika magotini, akaenda nayo kukaa golini. Nikamfuata. Tulipatana baada ya nusu saa, yule mtoto ana roho ngumu kuliko madalali wa soko la samaki.

Tunarudi, Horohoro, gari jeupe ndani. Jezi nimeivaa juu ya shati, jasho linanitiririka, nisije nikaulizwa tena ni ya nani. Ofisa akainama dirishani: "Mmebeba nini?"

"Hatuna kitu, mkuu."

Shangazi akajivuta kutoka kiti cha nyuma. "Anakudanganya, baba. Jezi, moja, imechakaa. Thamani mpira mmoja na visheti sita."