Tatizo sio ustaarabu, tatizo gari la taka halipiti

Kila nikirudi likizo Dar lazima nikutane na lile swali, eti Ujerumani kwanini kusafi vile, na kabla sijafungua mdomo mtu ashajijibu mwenyewe, "wenzetu wastaarabu bwana, sisi hata wakituwekea mapipa tutayaiba". Sasa mimi niliyekulia kutupa maganda mtaroni leo hii naosha kopo la mtindi ndo nilitupe, na wala sijaokoka, kilichobadilika ni kwamba Jumanne ikifika gari linapita. Basi.

Huku Ujerumani mwanzo wa mwaka tunapata kalenda ya taka, tarehe za mwaka mzima, pipa gani siku gani. La brauni maganda na mabaki ya chakula, la bluu karatasi, la njano plastiki na makopo, jeusi yale mengine yote (rangi zinapishana kidogo mji na mji). Usiku nasukuma pipa nje, alfajiri nasikia mngurumo, nikitoka kazini pipa tupu. Ukichanganya taka wanakuachia pipa lako limejaa na karatasi imebandikwa juu, na yule mzee wa ghorofa ya chini kashaiona kabla yako, hapo ndo utajua ustaarabu unatoka wapi 😂

Haya twende nyumbani. Bi mkubwa ada ya taka analipa kila mwezi, risiti kaziweka kwenye kopo la biskuti, zote. Aprili nilipoenda gari lilikaa wiki tatu halijaonekana, viroba vimepangwa nyuma ya choo, mvua inapiga, mafunza yanatambaa mpaka kwenye kizingiti cha jiko. Ikabidi aite kijana wa mkokoteni, akamlipa, yani kalipia taka zilezile mara mbili, na mimi kwa umbea wangu nikamfuata yule kijana nione anazipeleka wapi. Akazipeleka kwenye kizimba cha taka cha mtaa, hatua kama mia mbili tu kutoka nyumbani, kando ya njia wanayopita watoto wa shule.

Kile kizimba nakijua tangu kinajengwa, kuta tatu za tofali, tukaambiwa ni cha muda, taka zikae siku moja mbili lori lije lizibebe. Saa hizi kuta huzioni, taka zimezipanda zikazimeza, kunguru juu, mbuzi chini, na majimaji meusi yamekata njia. Kilichoniuma zaidi ni mawe. Kuna mtu kapanga mawe ya kuvukia, vizuri kabisa, kwa kuyapima na hatua ya mtoto. Ukiona watu wamefikia kupanga mawe ujue hicho kitu hakina umuda tena.

Sasa sera yenyewe ukiisoma haina ubaya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imezipa serikali za mitaa kazi ya taka, na wakandarasi binafsi Dar walianza kuingizwa tangu 1994 wakianzia katikati ya jiji. Shida naiona kwenye safari. Dampo lilikuwa Tabata, wakazi wakaenda mahakamani miaka ya themanini wakashinda, likahamia Vingunguti, baadae Mtoni, sasa Pugu Kinyamwezi. Waliodai walikuwa na haki yao, nani anataka dampo dirishani, ila huko Pugu ni mbali zaidi, na lori ni lilelile bovu na foleni ndo hizo unazozijua. Mkandarasi aliyekuwa anapiga tripu mbili tatu kwa siku anabaki na moja, dizeli yake, na ada anaikusanya mwenyewe mlango kwa mlango, sasa wewe ungeanzia wapi? Ataanzia kwenye lami kwa wanaolipa bila maneno, kwetu ndani ndani ambako lori halipenyi tunasubiri huruma yake. Kizimba kinajaa hapo, sio kwa sababu mama yangu mchafu.

Na lile lori linabeba nini kwenda huko kote? Maganda. Ya ndizi, muhogo, nazi, yameloa maji ya mvua, sehemu kubwa ya mzigo ni vitu ambavyo vingeoza vikawa mbolea hapohapo mtaani. Ujerumani tangu 2005 taka za majumbani haziruhusiwi kwenda dampo bila kuchakatwa kwanza, na 2015 wakalazimisha mabaki ya chakula yakusanywe peke yake. Sisemi tuige mapipa manne, uani kwetu pipa moja lenyewe linabanana na kamba ya nguo, ila kutenganisha maganda tu pale kizimbani kungepunguza tripu nyingi sana.

Tena msiniambie watu hawafuati. Juni 2019 mifuko ya rambo ilipigwa marufuku, watu wakanung'unika wiki mbili, wakabeba vikapu. Desemba 9, 2015 sherehe za Uhuru zikageuzwa siku ya usafi, mtaani kwetu tulifagia kweli kweli, marundo yakasubiri gari mpaka mvua ikayarudisha mtaroni.

Huku Ujerumani nako sio peponi. Jioni stesheni utamuona mzee wa watu na tochi anachungulia mapipa kutafuta chupa, kwa sababu chupa moja ya plastiki inarudishiwa senti 25 dukani. Wengine wanaiacha chupa pembeni ya pipa makusudi asiingize mkono. Waokota makopo wetu wanaingiza mikono mpaka begani, bila glovu, na wao ndo pekee wanaochambua taka pale kizimbani, lakini kwenye vikao vya usafi sijawahi kusikia mmoja kaitwa.

Niliporudi nikampigia picha bi mkubwa ile kalenda nikamtumia, nikamuelezea rangi zote kwa simu. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "na lisipokuja mnampigia nani?" Nikaangalia, kweli chini kuna namba. Mwaka wa sita huu, sijawahi kuipiga.