Hakuna Mwanga Unaoiona Saratani

Nimechoshwa na picha za rangi za kuvutia zinazosambazwa chini ya kichwa cha habari kwamba hadubini mpya "inaiona saratani". Haiioni. Upo mwanga unaoonyesha mafuta na upo unaoonyesha nyuzi, lakini anayeamua kama mpangilio wa vitu hivyo ni wa ugonjwa bado ni mwanapatholojia, daktari anayechunguza tishu.

Ndiyo maana natetea kuunganisha mbinu za kupiga picha tishu, mradi ziunganishwe juu ya kipande kile kile cha tishu. Chukua ukingo wa uvimbe wa titi. Leza ya mapigo mafupi mno ikipita hapo, nyuzi za kolajeni, protini inayoshikilia tishu, hutoa mwanga ambao urefu wa wimbi lake ni nusu ya ule ulioingia, bila tishu kutiwa rangi yoyote. Papo hapo, kwa kufyonza fotoni (chembe za mwanga) mbili kwa pamoja, jambo ambalo mwanafizikia Maria Göppert-Mayer alilieleza kinadharia mwaka 1931, molekuli za NADH, zinazosaidia seli kutengeneza nishati, hung'aa zenyewe ndani ya seli. Picha ya kwanza ina nyuzi bila seli, ya pili ina seli bila nyuzi. Zikipandanishwa ndipo inapobainika kwamba hapa nyuzi zimelala sambamba na ukingo, ilhali pale zimeelekea nje kama reli, na seli zinazifuata. Mpangilio huo wa pili umehusishwa na hatima mbaya zaidi kwa wagonjwa wa saratani ya titi.

Mbinu ya Raman, inayosoma kemia ya tishu, ni ya polepole ikipima nukta moja moja. Basi mng'ao wa asili utangulie kuonyesha palipo na shaka, kisha Raman ithibitishe.

Nakubali, shingo upande, kwamba leza hizi ni ghali na kwamba hematoksilini na eosini, rangi za kawaida za kutia tishu, zimehudumu zaidi ya karne moja bila kelele. Tena picha kutoka mashine mbili zikipishana kwa mikromita kumi tu, ambazo ni takriban upana wa seli, nyuzi zitahesabiwa kwa seli zisizo zake, na rangi zitaendelea kupendeza vilevile.

Kwa kuwa kipande kilichopigwa picha bila rangi kinaweza kutiwa rangi za kawaida baadaye, wanaotangaza maajabu haya watuwekee picha zote mbili za mahali hapo hapo, pamoja na kipimo cha ukubwa, na mwanapatholojia asiyejua majibu azisome kwanza.