Dora alikuwa na haki ya kuondoka

Ukianza kusoma habari za uchanganuzi nafsi, yaani tiba ya akili kwa mazungumzo, hukawii kukutana na dhana ya uhamisho: mgonjwa humtwika mtabibu wake hisia ambazo asili yake zilikuwa za watu wengine. Hasira aliyoificha kwa baba inamwangukia yule aliyeketi nyuma ya kochi, na mapenzi hali kadhalika. Dhana yenyewe naikubali. Kinachonikera ni jinsi mtabibu anavyoweza kujificha ndani yake, na shahidi wangu ni Sigmund Freud mwenyewe, mwasisi wa tiba hiyo.

Oktoba 1900, mjini Vienna, tajiri mmoja mwenye viwanda vya nguo alimpeleka kwa Freud binti yake aliyekaribia miaka 18. Binti alikuwa na kikohozi kisichoisha, sauti ilikuwa ikimkauka mara kwa mara, na wazazi walikuwa wamekuta barua ya kuaga katika meza yake. Jina lake hasa ni Ida Bauer. Katika maandishi ya Freud anaitwa Dora. Baba alitaka binti atiwe akili. (Mzazi anayempeleka kijana kwa mshauri nasaha na kulipa yeye anafanana naye: kijana akitoka tu, swali la kwanza ni "amekubali?")

Akubali nini, sasa? Baba alikuwa na uhusiano wa siri na mke wa rafiki wa familia, ambaye Freud anamwita Bwana K. Huyo Bwana K. naye alimbana Dora dukani kwake na kumbusu, binti akiwa na miaka 14 kwa hesabu ya Freud. Baadaye akamtongoza kando ya ziwa, akala kofi. Dora aliposema, Bwana K. alikana, na baba akachagua kumwamini Bwana K. Angemwamini mwanawe, ingembidi avunje urafiki, na urafiki ukivunjika yule mwanamke angempata wapi? Dora hakuwa mjinga. Alihisi ametolewa kwa Bwana K. ili mume huyo aendelee kufumba macho.

Freud alimwamini, na hiyo ni sifa yake, kwa sababu watu wazima waliomzunguka walikuwa wakisema anajitungia. Lakini alipokwisha kumwamini akamwambia kwamba ndani kabisa anampenda Bwana K., na kwamba msichana mwenye afya angesisimkwa na lile busu badala ya kuchukizwa. Dora akisema hapana, hapana yake inahesabiwa kuwa ndiyo iliyojificha. Siku moja alikuja na kipochi, akawa amelala kwenye kochi anakifungua, anatia kidole, anakifunga, anakifungua tena. Hicho nacho kikafasiriwa, na kwa namna ambayo msichana wa miaka 18 asingependa kuisikia. Hata mikono yake hakuwa na pa kuiweka.

Tarehe 31 Desemba alitangaza kwamba siku hiyo ndiyo ya mwisho. Freud akamuuliza ameamua lini. Wiki mbili zilizopita, nadhani, akajibu. Freud akasema hiyo ni notisi ya mtumishi wa ndani au mwalimu wa nyumbani.

Hapo ndipo jina la Dora linaponishika. Freud amesimulia mwenyewe kwamba alipotafuta jina la kumfichia mgonjwa huyu, hakuna jingine lililomjia ila hilo. Lilikuwa la yaya wa kwa dada yake Rosa. Yule yaya jina lake halisi lilikuwa Rosa vilevile, akalazimika kuliacha kwa sababu mwenye nyumba ndiye Rosa. Alikisimulia kisa hicho kuonyesha kwamba jina halimjii mtu hivihivi tu. Sawa. Basi hapa nani amemhamishia nani nini? Mgonjwa amepewa jina la mtumishi, kisha amelaumiwa kwa kuondoka kama mtumishi.

Kisa kilichapishwa mwaka 1905, na mwishoni Freud anakiri kwamba alichelewa kuutambua uhamisho. Dora alikuwa ameota nyumba inaungua, na akaeleza kwamba kila akiamka kutoka ndoto hiyo alisikia harufu ya moshi. Baba alivuta sigara, Bwana K. alivuta, Freud alivuta. Moshi ule ulikuwa dalili kwamba naye ameshaingizwa katika orodha. Namheshimu kwa kukiri, maana madaktari wanaochapisha jinsi mgonjwa alivyowakimbia ni wachache. Ila soma alichokiri: kosa ni kutokuona mapema kile Dora alichomtwika. Hajiulizi kama Dora alimwona sawasawa. Katika kikao kile cha mwisho Freud alimwambia Dora kwamba mpango wa Bwana K. kumwacha mkewe na kumwoa yeye haukuwa mpango usiowezekana. Kwangu hapo Dora hakuhamisha chochote. Alisikia sauti ileile kutoka kinywa kingine.

Mwaka 1910 Freud alianza kuzungumzia hadharani hisia zinazoamka kwa mtabibu, akizitazama kama kitu ambacho mtabibu anapaswa kukishinda. Ilichukua hadi 1950 ndipo Paula Heimann, mchanganuzi nafsi aliyekuwa London, aandike kwamba hisia hizo ni chombo cha kazi, zinamsaidia mtabibu kumsoma mgonjwa. Ni hatua nzuri, ingawa bado anayesomwa ni mgonjwa.

Tarehe 1 Aprili 1902 Dora alirudi, akilalamika maumivu ya uso. Alikuwa amekwenda kwa akina K. na kuwakabili: mke hakukana uhusiano na baba yake, mume akakiri yaliyotokea ziwani. Alichokisema kwa miaka kikawa kimethibitishwa na wahusika wenyewe, bila msaada wa daktari. Freud alimtazama mara moja usoni, akaamua kwamba hakuja kwa nia ya kweli, na hakumpokea tena. Aliahidi tu kumsamehe, kwa kuwa alikuwa amemnyima raha ya kumponya zaidi.