Saa za kutafuta ubovu ndizo zinazowakimbiza mafundi

Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, wenye magari wengi huamini kwamba mashine ya kupima itataja kilichoharibika. Haitaji. Chukua msimbo P0171, mojawapo ya namba za hitilafu ambazo mashine hiyo husoma kwenye kompyuta ya gari. Unachosema ni kwamba upande wa kwanza wa injini una hewa nyingi mno kwa petroli iliyopo, na kompyuta imeongeza petroli hadi kikomo chake bila kufidia upungufu. Basi, hausemi zaidi. Huenda hozi ya hewa imepasuka, gasketi ya manifoldi, yaani ya mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini, inavuta hewa, sensa ya kupima hewa imeshika vumbi, pampu ya petroli imechoka, nozeli zimeziba, au eksozi imetoboka kabla ya kufika kwenye sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Fundi anayeijua kazi husoma ni kiasi gani kompyuta inaongeza petroli gari likinguruma tu, kisha akasoma tena kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika. Nyongeza ikiwa asilimia 25 mwanzoni halafu ikashuka karibu na sifuri injini inapozunguka kwa kasi, kuna mahali hewa inapenya. Ikiwa ndogo gari limesimama na kupanda linapovuta mlima, shuku pampu, filta, au sensa ya hewa inayosoma pungufu. Asiyepima hubadilisha sensa ya oksijeni, ambayo muda wote ilikuwa ikisema kweli.

Hoja yangu ni hii: sehemu ngumu kuliko zote katika ufundi wa magari ni kutafuta ubovu, na ndiyo sehemu ambayo karibu hakuna mtu anayetaka kuilipia. Tunalipia spea, tunalipia kufunga na kufungua. Saa mbili za kupima tunaziona kama maandalizi ya kazi, wakati hizo ndizo kazi yenyewe.

Mfano ulio wazi ni betri inayolala nzima na kuamka imekufa. Betri imepimwa, ikijaa inakaa kwenye volti 12.6. Altaneta inachaji kati ya 13.8 na 14.5. Vyote vizima, kwa hiyo kuna kitu kinanyonya umeme gari likiwa limezimwa. Kukipata, fundi hufungua boneti, hubana kitasa cha mlango kwa bisibisi ili gari lidhani mlango umefungwa, hupeleka ufunguo mbali, kisha huunga mita kati ya betri na waya wake wa ethi. Halafu husubiri. Kompyuta za gari la kisasa huchukua dakika 20 hadi 40, nyingine zaidi, kabla ya kulala zote. Zikishalala, kinachonyonywa kwa kawaida hakipaswi kuzidi miliampea 50 hivi. Zikisomeka 500, hizo hula ampea-saa 12 kila siku, na betri ya ampea-saa 60 iliyokaa siku tatu imebaki na chini ya nusu.

Hapo ndipo wenye haraka huharibu kila kitu kwa kuchomoa fyuzi moja moja. Kuchomoa na kurudisha fyuzi huamsha kompyuta, na kusubiri kunaanza upya. Njia salama ni kugusa ncha mbili zilizo juu ya fyuzi kwa mita iliyowekwa kwenye milivolti: fyuzi inayopitisha umeme huonyesha tofauti ndogo, isiyopitisha husoma sifuri. Unafuata saketi hiyo moja hadi mwisho, na huko unakuta relei, swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme, ambayo mguso wake umeganda. Kuibadilisha ni dakika moja. Mwenye gari anaiona relei ndogo kuliko kiberiti, anaiona na ile dakika, kisha anauliza kwa nini anatozwa vile. Maumivu ya swali hilo, likiulizwa kila wiki kwa miaka, yanatosha kumtoa mtu kazini.

Bolti zilizoshika kutu nazo zina lao. Bolti ya eksozi ikikatikia ndani ya silinda hedi ya aluminiamu, kazi ya saa moja inaweza kula siku nzima. Kuitoboa katikati ili kuingiza chuma cha kung'olea kuna hatari: chuma hicho kimekomazwa, kikivunjikia ndani drili ya kawaida haikikati tena. Mara nyingi ni bora kuchomelea nati juu ya kipande kilichobaki, maana joto la kuchomelea huilegeza kutu, kisha ukakizungusha taratibu kwenda na kurudi. Gereji nyingi kubwa humlipa fundi kwa saa zilizoandikwa kitabuni kwa kila kazi, na kitabu hakijui kutu. Kikisema saa mbili, fundi akitumia sita, nne zimekwenda bure.

Ongeza spea bandia. Fundi anafunga beringi mteja aliyoileta mwenyewe, inalia baada ya muda mfupi, na anatarajiwa kuifungua tena bila malipo. Ongeza magoti, mgongo, na vifaa ambavyo wengi hununua kwa fedha yao. Anayeweza kusoma mchoro wa umeme hakosi pa kwenda: jenereta, lifti na mitambo ya viwandani vinamhitaji, na huko saa ya kutafuta ubovu ni saa kama nyingine. Wanaobaki bila mwalimu ni vijana, na hujifunza kubadilisha tu.

Sisemi wenye magari ndio wakosaji peke yao. Mafundi wa kubahatisha, wanaobadilisha spea tatu ili kuipata ya nne, ndio waliowafundisha wateja kutoamini. Lakini dawa ya kubahatisha ni kulipia kipimo. Kubaliana na fundi malipo ya kupima peke yake, hata kama hutatengeneza kwake, na umwombe namba alizozisoma: volti, miliampea, asilimia. Mweleze ubovu unatokea lini, injini ikiwa baridi au ya moto, ukipanda mlima au ukisimama, baada ya mvua au siku zote. Na usifute misimbo wala kuchomoa betri kabla hajafika. Msimbo unapoingia, kompyuta huhifadhi hali ya wakati huo, joto la injini, mwendo, mzigo, na kwa ubovu unaokuja na kupotea hiyo huwa ndiyo alama pekee iliyopo. Ikifutwa, gari linabidi liendeshwe mpaka tatizo lirudi lenyewe, na saa hizo pia hakuna anayezilipia.