Hasara yangu ya hisa bado ipo hai, hata baada ya miaka niliyokuwa sina hela

Jamani wadau, najua kodi ni mada ya kulaza watu usingizi ila leo nivumilieni, maana hii imenigusa mfukoni kabisa na naona watu wetu wengi huku Marekani wanaacha hela mezani. Mimi nipo Houston, mwaka wa tisa huu. Nimebeba boksi, nimefanya kazi ghalani, nimelea wazee, na 2021 nikaingia kwenye ule wazimu wa kununua hisa kwenye simu. Wakati wa breki kazini kila mtu alikuwa kainamia apu yake, mtu anatafuna sandwichi huku anachekelea mistari ya kijani, na mimi nikajitosa na akiba yangu yote niliyokuwa nimeweka ya kununua kiwanja. 2022 mistari ikawa myekundu, nikakaza roho, ikazidi kuwa myekundu, nikauza. Nikapiga hesabu nikiwa nimekaa kwenye gari paking ya kazini: dola 14,000 zimeyeyuka. Sikumwambia mtu, hata mama.

Sasa mimi nimekulia kwenye hasara, mama yangu anauza mitumba pale Karume, na anayejua biashara ya mitumba anajua kwamba belo, lile furushi la nguo lililofungwa, ni bahati nasibu. Unalipia kwanza halafu ndo unafungua. Nakumbuka siku moja nikiwa kidato cha tatu tulifungua belo la magauni, mama akavuta la kwanza, limechanika kwapani, la pili lina madoa, la tatu hivyohivyo, akaacha kuvuta akakaa juu ya ndoo akasema tu "haya". Ile hasara haikuandikwa popote. Mfanyabiashara mdogo wa kwetu, ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi milioni 100, kodi yake ya makadirio inaangalia mauzo, haiangalii umebaki na nini, kwa hiyo ukiuza magauni mabovu kwa bei ya kutupa bado umeuza. Sheria ya kusogeza hasara ya biashara mbele ipo hata kwetu, tusidanganyane, ila ni ya mtu mwenye vitabu vya hesabu, na mama vitabu vyake ni kichwa chake na daftari moja la madeni lenye picha ya mchezaji mpira.

Na hisa je? Ukinunua hisa pale soko la Dar es Salaam na wewe ni mtu wa kawaida usiyemiliki robo nzima ya kampuni, ukipata faida hukatwi kodi ya ongezeko la mtaji. Raha sana hiyo. Lakini upande wa pili wake ndo kwamba ukipata hasara ni yako na Mungu wako.

Huku ni tofauti. Huku faida ya hisa inakatwa kodi, basi na hasara wanaitambua. Hasara inaanza kufuta faida yoyote ya mtaji, yaani faida ya kuuza mali kama hisa au kiwanja, uliyopata mwaka huo, ikibaki unaruhusiwa kutoa mpaka dola 3,000 kwenye mshahara wako (wanandoa wanaofaili, yaani kupeleka fomu ya kodi, kila mtu kivyake ni 1,500), na inayobaki tena inavuka mwaka unaofuata, na unaofuata, haina mwisho mpaka iishe. Hiyo 3,000 ipo hivyohivyo tangu 1978, haijawahi kupandishwa, kodi ya nyumba imepanda, maziwa yamepanda, yai limepanda, ila hasara ya mnyonge bado inathaminiwa kwa bei ya enzi hizo. Hapo siwasifii.

Basi 2022 nilikuwa na mshahara wa dola 38,000, nikatoa 3,000, zikabaki 11,000 za kuvuka. 2023 nikaacha kazi ya ghala nikaingia chuo cha unesi, nikawa napiga shifti za wikiendi tu, mwaka mzima nikaingiza dola 9,000. Huo mwaka nilikula wali na maharage mpaka nikaota maharage. Nikaenda kwa jamaa mmoja anayefailia watu kodi mtaani kwetu, akaniambia "kaka huna unachodaiwa, na zile 3,000 za mwaka huu tumeshatoa, umebaki na 8,000". Nikashukuru nikaondoka. Ila njiani kikawa kinanikereketa, nimetoaje 3,000 kwenye mwaka ambao hata bila hizo 3,000 nisingelipa senti? Nimetumia hela kununua nini?

Ndo nikaanza kuchimba. Na hapa ndo nataka msome taratibu.

Kwenye maelekezo ya Jedwali D, ile fomu ya faida na hasara za mtaji inayoambatana na 1040, ile fomu kuu ya kodi ya mwaka, kuna karatasi ndogo ya mahesabu ya hasara ya kuvuka mwaka. Hiyo karatasi haiishii kukuuliza ulikata dola ngapi kwenye fomu, inakuuliza pia kipato chako cha kukatwa kodi kilikuwa ngapi, na kama kimeshuka chini ya sifuri inakutaka uandike ile namba hasi yenyewe. Kwenye 1040 ukishuka chini ya sifuri unaandika sifuri, ila kwenye hii karatasi unaandika hasi, na watu wengi wanakosea hapo hapo.

Chukua mwaka wangu. Mshahara 9,000, toa 3,000 za hasara, zinabaki 6,000. Toa ile standadi didaksheni, punguzo la kila mtu, ambalo 2023 kwa mtu asiye na ndoa lilikuwa 13,850. Nipo hasi 7,850. Karatasi inasema chukua hiyo hasi, rudishia zile 3,000, napata hasi 4,850. Bado ni chini ya sifuri, kwa hiyo hasara niliyoitumia kweli ni sifuri. Zile 11,000 zote zinavuka! Yule jamaa alikuwa amenichomea 3,000 hivihivi, si kwa ubaya, alitoa tu kama anavyotoa kila mwaka.

2024 nikaongeza shifti kidogo nikafika 16,000. Toa 3,000, 13,000. Punguzo la mwaka huo 14,600, nipo hasi 1,600. Rudishia 3,000 napata 1,400. Kwa hiyo nimetumia 1,400 tu, zikavuka 9,600. Mnaona? Inakula kile tu kilichokusaidia. Mwaka wa njaa haikuchukulii hasara yako yote, inachukua kipande kilichofanya kazi.

Na kwa nini nahangaika hivi? Kwa sababu 2025 nimemaliza chuo, napiga usiku hospitali, nimevuka 70,000 na zile 3,000 zimekaa kwenye ngazi ya asilimia 22. Zimeniokolea dola 660. Zilezile 3,000 ambazo mwaka wa maharage zingeniokolea sifuri. Zimebaki 6,600: 2026 natoa 3,000, 2027 natoa 3,000, 2028 za mwisho 600, kama sitapata faida ya kuzifuta kabla.

Hapo kwenye faida kuna mtego na huu usiuchukulie poa. Kuna rafiki yangu wa Mbeya naye alikuwa na hasara ya kuvuka, 5,000, na mwaka huohuo wa 2023 yupo shule hana kitu, akauza hisa zake alizokaa nazo miaka mitatu akapata faida ya 5,000, akawa anashangilia kwamba hasara imemfutia faida yote. Masikini ya Mungu. Kwa kipato alichokuwa nacho ile faida ya muda mrefu, yaani ya kitu ulichokaa nacho zaidi ya mwaka, ingekatwa asilimia sifuri, maana 2023 mtu mmoja alikuwa hakatwi kitu mpaka kipato cha kodi kifike 44,625. Hasara yake imefuta kitu ambacho kilikuwa bure. Na huna ruhusa ya kusema naomba niihifadhi, kwenye faida hakuna kuchagua, hasara inakutana na faida kwanza hata kama hujapenda. Ile huruma ya mwaka wa njaa ipo kwenye 3,000 tu.

Na usije ukasema mwaka huu sina hela basi sifaili. Kweli kipato kikiwa chini ya kiwango sheria haikulazimishi, na hasara yako haifi kwa sababu hukufaili, ila mnyororo unakatika, mwaka wa tatu unaulizwa 9,600 imetoka wapi unaanza kupekua imeili za zamani. Na kama mwaka uliouruka ulikuwa na kipato cha kutosha, wanakuhesabia kwamba ulishatoa, utake usitake. Mimi nafaili hata nikiwa na mia. Ukibadilisha programu au mtu wa kukufailia, ubebe hii karatasi mkononi, maana mpya haijui ya zamani.

Watu wameniuliza inbox kuhusu mambo ya nyumbani. Ukiwa mkaazi wa kodi huku, mali yako ya kule nayo inahesabika, kwa hiyo kiwanja cha Kigamboni ulichonunua kama uwekezaji ukakiuza kwa hasara, ni hasara ya mtaji, weka risiti na mkataba wa mauziano. Gari ulilokuwa unatembelea au nyumba uliyokuwa unaishi, hapana, hasara ya kitu cha matumizi yako hawaitambui. Na zile hela ulizomkopesha shemeji anunue bodaboda? Hahaha. Mkopo wa kweli ambao umekufa kabisa unaweza kuhesabika kama hasara ya mtaji ya muda mfupi, ila uwe na maandishi, tarehe za marejesho, na ushahidi kwamba umemdai. Ile "nitumie basi kaka nitakurudishia Mungu akijalia" ni zawadi hiyo, tuwe wakweli.

Kitu kingine, ukifa inakufa na wewe. Mwenzi wako anaweza kuitumia kwenye fomu ya pamoja ya mwaka uliofariki tu, baada ya hapo imeisha, hairithiwi. Kwetu msibani kabla hatujaenda kuzika anasimama mzee anasema "anayemdai marehemu au anayedaiwa na marehemu awaone wanafamilia". Madeni tunarithi. Huku hasara yenye thamani ndo haipokelewi na mtoto, sijui nani aliyeona hiyo ni sawa.

Ila nisiwapambie sana Marekani. Lile belo bovu la mama lilisogezwa mbele na kikoba chao, wale wamama walimwachia marejesho miezi miwili bila faini, na mmoja akamletea unga. Mwaka wangu wa maharage hapa hakuna aliyegonga mlango, nilikuwa na namba tu kwenye karatasi, namba ambayo imekuja kunilipa miaka miwili baadaye. Ningechagua vyote viwili, ila kama ni kimoja, kwa mwaka ule, ningechukua unga.

Jumapili hatimaye nimemwambia mama habari ya zile 14,000. Kanyamaza, kisha akauliza kama serikali itanirudishia. Nikamweleza mambo ya 2026, 2027 na zile 600 za 2028, kacheka mpaka kakohoa, "yaani hasara ya mwaka gani huko bado unaihesabu? Mimi lile belo nilishalisahau". Halafu hajakata simu akaanza kunisimulia tena lile gauni la kwanza lilikuwa la bluu, limechanika kwapa la kushoto.