Mbili Bila, Kisha Mbili Bila

Katika jiji hili la Dar es Salaam ukisema wewe si Simba wala Yanga, watu wanakutazama kana kwamba umesema huli ugali wala wali. Swali hilo nalijibu tangu darasa la pili. "We timu gani?" Pan. "Sawa, Pan, lakini Simba au Yanga?" Pan. "Tumekusikia. Ila moyoni?"

Sikuchagua. Nimerithi kwa baba, kama nilivyorithi upara. Baba alikuwa Yanga damu mpaka katikati ya miaka ya 1970, wenyewe kwa wenyewe walipovurugana na kundi moja likatoka kwenda kuunda Pan African. Baba akatoka nalo. Kaka yake akabaki na Yanga pale Jangwani, na salamu zao zikawa za kupitia watoto. Mwaka 1982 Pan ikachukua ubingwa wa nchi, na baba anautaja mwaka huo kama wengine wanavyoutaja 1961. Mimi nimezaliwa 1984. Yaani shughuli nimeikuta watu wanaosha masufuria, na tangu hapo nakula ukoko: timu inashuka, inanyanyuka kidogo, inashuka tena.

Sasa mimi nina mtoto. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga ilipoifunga Simba 5-1, kesho yake mwanangu, wakati huo ana miaka minane, alirudi shule mnyonge. Nusu ya darasa walikuwa wananyoosha vidole vitano, nusu wamenuna. Yeye hakuwa na kidole cha kunyoosha wala sababu ya kununa. Akaniuliza, "Baba, sisi tunacheka au tunanuna?"

Nikampigia baba yangu Magomeni kumsimulia, nikidhani atacheka. Hakucheka. "Mtoto anapotea huyo," akasema. "Wewe ulipewa mapema. Yeye umemwacha akae miaka minane hana timu, kama nyumba isiyo na mlango." Jumapili iliyofuata akaja kwangu Mbagala na mfuko wa rambo mkononi. Ndani kuna jezi.

Nieleze kidogo kuhusu jezi hiyo, maana ndiyo iliyoniponza. Baba aliipata zamani kwa mtu aliyemjua mtu wa pale klabuni. Mama yangu ni mwanamke wa kufua. Kaifua, kaianika juani, kailoweka na dawa ya madoa, kaifua tena, miaka nenda rudi, mpaka rangi yote ikahama. Kilichobaki kinafanana na chai ya maziwa iliyokosa majani. Rangi yake ya asili shahidi ni baba peke yake, na shahidi mwenyewe ana mtoto wa jicho.

"Mpeleke uwanjani," akaniagiza. "Mkifika, tafuta wanaovaa rangi hii."

Hapa nikiri jambo. Mimi ni shabiki wa Pan wa mdomoni. Kubishana kibarazani naweza, lakini mara ya mwisho kuingia uwanjani kuwatazama sikumbuki hata Rais alikuwa nani. Sikumjua mchezaji hata mmoja. Ningemwambiaje baba hivyo?

Basi Jumamosi moja tukapanda daladala mbili na bodaboda moja hadi uwanja mmoja wa pembezoni, mtoto kavaa jezi ya babu yake imemfika kwenye magoti. Konda akamuuliza kama anatoka madrasa.

Uwanjani palikuwa na watu ambao ningeweza kuwasalimia mmoja mmoja kwa mkono na bado nikawahi mpira kuanza. Hakuna ubao wa matokeo, hakuna mtangazaji. Muuza karanga, muuza kahawa, mbuzi wawili nyuma ya goli. Timu zikaingia. Timu moja wamevaa rangi kali, wengine rangi iliyopauka. Nikaitazama jezi ya mwanangu, nikawatazama wale waliopauka. Ni hawa hawa. Tukaenda kukaa nyuma ya benchi lao.

"Baba, yule namba nne anaitwa nani?"

Ningefanyaje? Majina niliyokuwa nayo ni yale ya kwenye hadithi za baba. "Yule ni Jellah Mtagwa," nikasema bila kupepesa. "Na kipa je?" "Pondamali." Mtoto akashika majina yale kama sala. Kila namba nne akigusa mpira, yeye anasimama, jezi inapepea, anapiga kelele, "Mtagwaaa!" Namba nne mwenyewe, kijana asiyefika miaka ishirini na mbili, mara ya kwanza alishangaa. Mara ya tatu akaanza kupunga mkono.

Na walikuwa wanacheza, wallahi. Dakika ya ishirini bao. Dakika ya thelathini na kitu, kona, namba nne kapanda mwenyewe, kichwa, bao la pili! Mwanangu akanikumbatia kiunoni analia kwa furaha, na mimi koo limenikaba. Nikaona kumbe si kazi ngumu hivyo. Miaka yote hii ningekuwa nakuja.

Mapumziko nikampigia baba.

"Shikamoo baba. Tunaongoza mbili bila."

Kimya. Kisha nikasikia sauti yake ikienda mbali na simu, inawapigia kelele wazee wenzake wa barazani: "Mbili bila! Pan! Mbili bila!" Akarudi. "Mwanangu, nimesema kila mtu anywe kahawa, mimi nalipa. Na kashata." Baba yangu ni mstaafu wa bandari. Kumnunulia mtu kashata ni uamuzi anaoufikiria siku mbili.

Kipindi cha pili kimeanza, mtoto bado na Mtagwa wake, nikaona mzee mwenye baraghashia anatoka chini ya mwarobaini ule upande wa pili. Akazunguka uwanja mzima taratibu, kwa fimbo, akaja kusimama mbele yetu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, namsikia mtoto anamwita Mtagwa. Mtagwa alikuwa nahodha wetu wewe hujazaliwa. Ninyi watu wa Pan?"

"Pan kabisa mzee. Wa kurithi."

Akanitazama, akalitazama benchi lililokuwa mbele yetu, akanitazama tena. "Sasa mbona mmekaa kwa wageni, mnashangilia tunavyochinjwa?"

Nilitamani mmoja wa wale mbuzi anipige pembe nianguke nisahau kila kitu. Wale wa rangi kali ndio Pan. Hawa wenye rangi ya chai walikuwa timu ya mkoani, na mmoja wa viongozi wao alikuwa ameshatuletea maji ya chupa akidhani tumesafiri na basi lao.

Tukahama kwenda mwarobaini. Mtoto alikuwa anaburutwa mkono, shingo kageuza nyuma. Mechi ikaisha vilevile, mbili bila.

Njiani simu ikaita mara nne, sikupokea. Nyumbani nikajikaza, nikapiga mwenyewe.

"Mwanangu! Tumemaliza ngapi?"

"Mbili bila, baba."

"Alhamdulillah!"

"Baba... wao."

"Wao nini?"

"Wao mbili. Sisi bila."

Akapumua. Baba enzi zake alikuwa karani wa kuhesabu mizigo. "Ngoja. Mapumziko tuna mawili, wao hawana. Mwisho wao wana mawili, sisi hatuna. Hayo mabao yetu tuliwaazima?"

Kabla sijatunga la kujibu, mwanangu kaniponyoka na simu. "Babu, baba alikosea timu! Tulikuwa tunashangilia wengine!" Akaeleza yote, tangu konda hadi maji ya chupa. Nikasikia kule upande wa pili kikombe kinawekwa chini.

"Kahawa ya watu kumi na nne," baba akasema polepole. Kisha: "Jezi yangu iletwe kesho. Na msiifue."

"Babu," mtoto akasema, "kwani Mtagwa atacheza tena lini?"

Nikaziba uso. Lakini baba hakufoka. Akauliza kwa sauti ya chini, "Nani kakwambia habari za Mtagwa?" Kisha nikasikia anavuta kiti. Akaanza kusimulia tangu siku walipotoka Yanga, nani alitoka kwanza, nani aligeuka nyuma. Mtoto kakaa sakafuni na jezi yake ya chai, simu sikioni, hata karanga kasahau.

Robo saa nzima. Walikuwa wamefika 1979 simu ilipokatika; kifurushi changu kimekwisha.

Mwanangu akaninyooshea simu. "Baba, weka vocha."