Wananilipa nishuti shida za Mwanza, za kwao hawataki

Wadogo zangu wengi mnaniuliza inbox, dada nifanyeje na mimi nije Ulaya nitengeneze dokyumentari, eti huku ndo kuna hela na heshima. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa voisi noti, leo naandika yote hapa na najua kuna watakaonuna.

Hela ipo, nisiwadanganye. Mi naishi Leipzig, Ujerumani, naediti na kushuti kama friilansa, na mfumo wao unashangaza kwakweli ukiwa umetoka kushuti send-off Mwanza. Kila nyumba inalipa euro 18.36 kwa mwezi kwa ajili ya redio na televisheni za umma, uwe na tivii usiwe nayo barua inakuja tu, na sehemu ya hizo hela ndo inatengeneza dokyumentari. Alafu kuna mfuko wa wasanii unaitwa Künstlersozialkasse, upo tangu 1983, ukikubaliwa unalipa nusu tu ya mchango wako wa bima ya afya na pensheni, nusu ya pili inatoka serikalini na kwa makampuni yanayotumia kazi za wasanii. Pensheni! Mtu wa kamera! Kwetu ukimwambia mjomba unashuti video anakuuliza sawa, na kazi utapata lini.

Nyumbani nilikuwa naishi kwa harusi na video za miradi. Harusi mnazijua, kamati inabishana bei ya MC na keki mpaka usiku wa manane, mtu wa video anakumbukwa mwisho, na hela yake ndo ile itakayotoka kwa wajumbe ambao hawajamalizia ahadi. Video za miradi ni zile za mashirika, kisima kimechimbwa, mama anachota maji anacheka, bwana wa shirika anaongea dakika nne na bango nyuma yake. Afadhali hizo zinalipa, lakini ulichotakiwa kuonyesha kimeshaandikwa kabla hujafika, kisima kikikauka baadae hakuna anayekutuma urudi kuuliza. Wengi wetu kamera tumejifunzia huko, na huko ndo tumeokota kaugonjwa ka kumuuliza mtu swali wakati jibu tunalitaka tayari.

Na msidhani Wazungu hawana huo ugonjwa. Mwaka 2021 iligundulika dokyumentari moja iliyopewa hela na NDR, televisheni ya umma ya kaskazini, kuhusu wanawake wanaouza miili kwenye magari pembeni ya barabara, kwamba baadhi ya wahusika walikuwa wanaigiza na watazamaji hawakuambiwa. Mtengenezaji akairudisha tuzo aliyopewa. Presha ya kutafuta stori kali iko kila sehemu, huku inakuja na bajeti tu.

Sasa kinachonikera mimi ni hiki. Nakaa Grünau, mtaa wa maghorofa ya zege ulioanza kujengwa 1976 enzi za Ujerumani Mashariki, na kwenye jengo letu wazee wengi wanaishi peke yao, mlango kwa mlango, ukikutana nao kwenye lifti ni salamu na hali ya hewa basi. Nikaandika wazo la filamu kuhusu hao wazee, nikalipeleka kituo kimoja. Mhariri kasoma, kasifia, kanimiminia kahawa, alafu kaniuliza, lakini wewe unatoka Tanzania, huna stori ya huko? Akaanza kunitajia mwenyewe, maji, ndoa za utotoni, watu wenye ualbino. Hela ya kwenda Mwanza ingepatikana, ya kuvuka korido kumgongea jirani haikupatikana. Yaani Mjerumani ana ruhusa ya kwenda kumweleza yeyote duniani, mi nimeishi nao miaka, nalipa kodi zao, nabeba mifuko yao ya takataka, ila kuwaelezea wao bado sijafikia hadhi hiyo.

Na mtu wa Mwanza ukimwambia habari za Mzungu na kamera anakumbuka mapanki. Kwa ambao mlikuwa wadogo, mwaka 2004 ilitoka filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, kuhusu sangara wa Ziwa Victoria, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya na sisi tunabaki na mapanki, vichwa na mifupa vya kukaanga. Mwaka 2006 ikaingia kwenye kinyang'anyiro cha Oscar, na mwaka huohuo Rais Kikwete akaishambulia hadharani kwamba inaichafua nchi. Mwandishi wa habari wa Kitanzania aliyeongea mle ndani alisumbuliwa na vyombo vya dola hadi uraia wake ukahojiwa. Sauper yeye alikuwa Ufaransa. Na yeye alipata mgogoro wake, kuna mwanahistoria aliyeipinga filamu, lakini hapo Sauper ndo alikuwa mshtaki anadai alivunjiwa heshima, na akashinda. Mmoja anatetea heshima yake Paris, mwingine anatetea uraia wake nyumbani, filamu ni ileile.

Sitetei serikali hapa, mapanki yalikuwa yanaliwa na wote tunajua. Ila nchi nzima ilibishana nani katuchafua, ikasahaulika kuuliza kwanini mtu aliyezaliwa ziwani anashindwa kununua samaki wa ziwani. Sheria ya filamu ilivyorekebishwa 2019 na kumtaka mgeni anayeshuti Tanzania akabidhi Bodi ya Filamu picha zote ghafi na nakala ya filamu, mimi niliona kivuli cha mapanki palepale.

Ila huko nyumbani kuna kitu huku hakipo, watu wanakuhoji na wewe. Nikija likizo nashuti mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, nje kidogo ya mji, akina mama wanaoanika dagaa. Kwanza vibali, mwenyekiti wa mtaa anakutuma kwa mtendaji, mtendaji anakutuma wilayani, wilayani bosi yuko kikaoni, hiyo nairuka maana nitatukana. Kuna mama mmoja pale dagaa wake anaanika chini kwenye mchanga, anawageuza kwa ufagio huku anaangalia wingu, maana mvua ikiwakuta hapo bei inaporomoka anaishia kuwauza kwa watu wa chakula cha kuku. Namwelekezea kamera hata hageuki. "Mwanangu, walishakuja wengine na madude kama hayo. Hiyo picha mimi nitaiona wapi?" Nikaanza kumweleza matamasha, akanikata, "Nimeuliza mimi, sijauliza hao." Akanipa ufagio niendelee upande wa pili, akakaa.

Mzee jirani yangu wa Grünau (namshuti hivyohivyo, kwa hela ya mfukoni) alisoma fomu ya ridhaa kurasa zote, akauliza picha zitahifadhiwa wapi, akauliza akibadili mawazo anajitoaje, akasaini kila kurasa. Safi kabisa, na haki hizo natamani yule mama angekuwa nazo zimeandikwa. Lakini kuiona filamu yenyewe hakuuliza. Na ni kweli, dokyumentari ndefu huku zikionyeshwa mara nyingi ni kuanzia saa tano usiku, watu wameshalala. Tamasha la DOK Leipzig lipo tangu 1955, kila Oktoba, hadi stesheni kuu ya treni wanafunga skrini unaangalia bure, napenda sana, ila filamu ikiisha watu wanapiga makofi na kuuliza kamera gani ulitumia. Nilivyowasha projekta kwenye shuka pale mwaloni watu walibishana na shuka lenyewe, "muongo huyo, ile mizani anaichezea!", na mwenye mizani yupo palepale amekaa kwenye ndoo.

Kuna filamu moja imenipa moyo, The Empty Grave ya 2024, wameiongoza wawili, Cece Mlay wa kwetu na Agnes Lisa Wegner wa huku, inafuata pamoja na wengine familia ya Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani 1906, wanatafuta fuvu lake. Ilianzia Berlin kwenye Berlinale, tamasha lao kubwa la filamu. Pale shida si "ya huko" tena, inabidi Mjerumani naye afungue makabati ya makumbusho yake. Za namna hiyo ndo ningetaka mje kuzitafutia hela huku, na mje na mtu wenu wa nyumbani kwenye mkataba, jina lake juu kama la kwenu na malipo yake yameandikwa, sio "mwenyeji wetu" anayeshukuriwa mwishoni kwa herufi ndogo.

Fomu ya ridhaa nimeiandika upya kwa Kiswahili cha kawaida na nimeongeza kipengele cha wapi na lini mhusika ataiona filamu. Anayeitaka aseme namtumia bure. Wa harusi msinisumbue, kuna kamati moja bado inanidai uvumilivu.